Kila Mkuu wa Shule na Bei Yake

Jamani chekeni tu, siku hizi hata mimi nacheka, ila siku ile pale Kasulu nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na projekta yangu.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Lakini mwaka mzima nilikuwa natengeneza filamu ya masomo, majaribio ya baiolojia kwa shule zisizo na maabara (chura alinitoroka mara mbili, nikamsaka mpaka chini ya kitanda), na wakuu wa shule walipokuwa na kikao nikapewa nusu saa niwaonyeshe. Wakinunua, naachana na harusi. Wakikataa, narudi kwenye keki na vigelegele vyake.

Kosa langu lilikuwa moja, tena dogo: sikuandika bei. Nilijiambia mimi ni mtoto wa sokoni bwana, bei unaitaja ukishamwangalia mtu usoni (na viatu), unaanza juu, mteja anakushusha, mnakutana katikati, kila mtu anaondoka na furaha yake. Basi filamu ikaisha, makofi, ikaja chai, nami nikazunguka na flashi zangu nikimnong'oneza kila mmoja, huyu mwenye gari laki na nusu, yule wa kijijini Kitanga elfu sitini, na yule sista wa maktaba ya parokia, aliyealikwa kikaoni, ishirini, maana nani ana roho ya kumpandishia sista?

Tukarudi kikaoni. Mwenyekiti akavaa miwani. "Haya, tuweke kwenye muhtasari. Bei ni shilingi ngapi?"

"Laki na nusu," akajibu mmoja.

"Mbona mimi kaniambia themanini?"

"Themanini? Mimi sitini!"

Sista naye, taratibu kabisa: "Ishirini. Na alisema nisimwambie mtu."

Weee! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Halafu akasimama mama mmoja, mkuu wa shule huko Kibondo, aliyehamia majuzi kutoka Dodoma, ambaye alinunua kwangu wiki moja kabla. "Mimi nililipa laki mbili," akasema, "na nikamshukuru."

Hapo hakucheka mtu.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nilidhani utanishusha."

"Nikushushe mimi? Mwenye mali si wewe?"

Nikatangaza papo hapo, bei ni hamsini kwa wote, na mama namrudishia laki na nusu yake sasa hivi, nikaanza kupekua mifuko mbele za watu (nilikuwa na elfu saba). Akanizuia.

"Acha. Nitengenezee nyingine tatu, anza na kemia. Watoto wangu waliomba kuiona tena hata kabla sijajua kwamba nimepigwa."

Nusura nilie. Wakanunua wote, na sista akaongeza thelathini bila kuniangalia.

Bei sasa imeandikwa kwenye kila kasha la flashi, na ukinivuta pembeni kuniuliza "ya mwisho ngapi?", naapa nitakujibu kwa sauti ya kusikika mpaka Kabanga.