Mgongo wa Maestro Adalbert

Adalbert Kalenga hakupima sauti ya mtu huku akimtazama. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika tangu alipokabidhiwa kwaya ya parokia yao huko Kampemba, akiwa bado kijana wa karakana ya reli. Mtu akitaka kuingia kwaya, Adalbert aligeuza kiti, akaelekea ukuta, akasema, "Imba." Mtoto wa katekista, mke wa mkubwa wa kazi, binamu yake mwenyewe, wote waliuimbia mgongo wake. Na kanuni ilikuwa na mkia: lililosemwa kwa mgongo halifutwi kwa macho. Akishageuka na kuona ni nani, hakuongeza wala hakupunguza.

"Uso unaomba," alizoea kusema. "Sauti haiombi."

Wapo waliomwona mkali. Lakini katika mji ambao mtoto wa tajiri huwekwa mstari wa mbele kabla hajajua kusimama, watu wanyonge waliipenda kanuni hiyo. Ilikuwa haki yao.

Sifa yake ilikua hasa kwa jioni moja ya zamani. Kwaya ilikuwa ikijifunza wimbo wa Pasaka, naye ameelekea ubao wenye noti, mara akainua mkono.

"Kule kwa ba-alto. Iko sauti moja inakwaruza jirani yake. Irudi mu njia, ao itoke."

Waimbaji wakatazamana, mmoja akakohoa ili kuficha kicheko. Sauti ilikuwa ya Clotilde, mke wake, mwenye mimba ya mtoto wao wa kwanza. Clotilde akaimba kama ilivyoandikwa ubaoni, na tangu siku hiyo hakukwaruza tena kanisani. Nyumbani alimwekea mezani bukari, ugali wake wa jioni, akasema, "Baba, leo umenipiga mbele ya bantu, na hata fimbo haukushika." Wakacheka wote wawili. Habari ikazunguka mtaa mzima wa Bel-Air: maestro hamhurumii hata mama wa nyumbani mwake.

Miaka ikapita. Adalbert akastaafu reli, kisha akaiacha kwaya mikononi mwa Mama Delphine, lakini hakuna wimbo mpya ulioingia kanisani bila neno lake. Clotilde akafariki. Misa ya kutimiza mwaka ilipokaribia, mjukuu wao Sephora, aliyelelewa na nyanya huyo tangu hajaota meno, alikuja na ombi.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Sephora alisoma chuo kikuu na kuimba katika kwaya ya huko, ambayo ilikuwa imetoa rekodi ya nyimbo za kwaya za mtindo wa kisasa. Wimbo mmoja aliutunga yeye, kwa ajili ya nyanya yake. Alitaka wenzake waje kuuimba kwenye misa. Aliweka bafle ndogo, spika ya kupazia sauti, juu ya kigoda uani, akaiunganisha na simu yake. Mama Delphine alikuwepo, na Liévin pia, tenor wa siku nyingi anayeuza vitambaa sokoni.

Wakasikiliza nyimbo mbili za kwanza. Liévin hakuweza kungoja wa tatu.

"Aah, Sephora, franchement! Mi nangojea tu baanze, kumbe beko banamaliza!"

"Nyamaza, Liévin," Mama Delphine akamkata. "We kama hausikie ngoma, unasema hakuna wimbo. Mi nasikia sawa bantu beko mu matanga. Kila mutu analia yake, lakini kilio iko moja."

"Basi ku misa bantu bataitikia wapi? Wimbo bila kuitikia, hiyo ni konseri. Beko banaimbia baprofesa."

"Baprofesa nabo beko na masikio, tonton," Sephora akajibu, na Mama Delphine akapiga makofi kwa kucheka. "Kule kwetu nako banagombana. Bengine banasema ni miziki ya bazungu. Bengine banasema yangu inanuka moshi ya jikoni."

"Kati ya moshi na bazungu, bachague!" alisema Liévin.

Adalbert alinyanyuka, akageuza kiti chake kuelekea ukuta wa matofali. Vicheko vikakoma. Hata Liévin alikaa vizuri.

"Weka yako," mzee alisema.

Ulianza kwa mdundo wa miguu, mzito, wa taratibu. Juu yake zikaja sauti mbili za kike, zimebanana kiasi cha kugusana, kila moja inasukuma nyingine na hakuna inayokubali kuhama. Kwaya nzima iliingia chini yao, ikapanda, ikashuka, na zile mbili zikabaki palepale mpaka mwisho.

Mbele ya Adalbert, kinu cha Clotilde kilikuwa kimeinamishwa chini ya ukuta, kama kilivyoachwa tangu matanga. Alikitazama, na ghafla akawa anarudi kutoka karakana Jumamosi mchana, mikono inanuka grisi, honi ya treni iko nyuma yake, harufu ya sombe, majani mabichi ya muhogo yanayotwangwa, inatoka uani. Alihisi mtu anamngoja ndani. Machozi yakamtoka, hakujua kwa nini. Lakini machozi ni mambo ya uso, na uso unaomba. Akayaweka kando, akapima sauti peke yake, kama alivyompimia kila mtu.

"Beko na sauti," aliuambia ukuta. "Bamefundishwa muzuri. Lakini kule kati iko sauti mbili ya banamuke inakwaruzana, na hairudi mu njia. Ile njo makosa. Haitaimbwa ku misa ya Clotilde."

Alijipangusa kwa mkono wa shati kwanza, ndipo akageuka. Sephora alikuwa amekwisha kuzima simu. Uso wa babu yake ulikuwa mkavu.

"Kambo," Sephora alisema polepole, kwa neno alilowaitia babu na nyanya sawasawa, "haiko makosa. Ile sauti mbili ni ya kambo Clotilde na mudogo yake, Mama Kangwa. Njo vile balikuwa banaimba wakati ya kutwanga sombe, kinu moja, mitwangio mbili. Alinifundisha yeye mwenyewe. Alisema ku kanisa balimukataza, basi akaiacha mu jikoni."

"Nani alimukataza?" Liévin akauliza, kisha akakumbuka. Akainamisha kichwa.

Adalbert alifungua mdomo. Wote watatu wakamngoja. Neno moja tu lingetosha, na mtoto yule alikuwa amekwisha kulisogelea. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti chake, simu mkononi, tayari kuwasha tena.

"Nimeisha kusema," alisema Adalbert.

Sephora akatia bafle katika mfuko. Akampa kila mmoja mkono, akipiga goti kidogo kama alivyolelewa. "Mubakie muzuri, kambo." Geti likafungwa bila kishindo.

"Maestro," Liévin alisema, "mimi mwenyewe nilichekelea. Sasa nabadilisha, na sikufe. Na weye badilisha."

"Nikibadilisha leo, ile jioni ya Clotilde ilikuwa nini?"

Mama Delphine alichukua vikombe akaenda kuviosha.

Misa ilifanyika. Kwaya ya parokia iliimba nyimbo za zamani, kila noti mahali pake. Sephora alikaa karibu na mlango, akakomunika, akagawia wageni chakula, akaondoka kabla ya nyimbo za nyumbani kuanza. Zamani, kila Jumapili, aliosha sahani uani huku akiimba, naye babu alisikiliza kutoka ndani akijifanya amesinzia. Siku hizi anakuja sikukuu tu. Anasalimia, anauliza afya, anaosha sahani kimya.

Rekodi ile imeenea. Liévin anaicheza mbele ya meza yake ya vitambaa, na wateja wanagombana: huyu anataka kununua, yule anataka izimwe, mwanamke mmoja anasimama na karai kichwani mpaka iishe. Mara nyingine Adalbert anapita hapo. Ukifika wimbo wa Sephora, anasimama, anaipa bafle mgongo na kushikashika kitenge asichokusudia kununua. Liévin anamwona mabega yakitikisika, naye, kwa heshima, anatazama pengine.

Kanuni haikuvunjika. Nyumbani kwa Adalbert hakuna anayeimba.