Mgeni wa Mamangu Sukhumi

Harufu ya mahindi ya kuchemsha ndiyo inayonirudisha Sukhumi, mji wa pwani katika Urusi ya wakati ule. Mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa cha maua kichwani alikuwa akipita ufukweni na ndoo yake, akinadi kwa Kirusi, na mvuke wa mahindi yale ukichanganyika na chumvi ya bahari. Nilikuwa na miaka tisa, nami nilichanganyikiwa tangu siku ya kwanza. Bahari waliiita Nyeusi, ilhali ilikuwa buluu. Ufuko haukuwa na mchanga, ulikuwa na kokoto zilizochoma nyayo. Miti iliyofanana na minazi haikuwa na hata nazi moja. Na watu wazima, wake kwa waume, walijianika juani nusu uchi kama samaki wa ng'onda, wala hakuna aliyemwonea mwenziwe haya. Nilimuuliza baba kama hapa ndipo mahali pa kupumzika, akasema ndiyo, nikaona anasema bila kuamini.

Tulikuwa tumetoka Mombasa miaka michache nyuma, katika lile wimbi la Wahindi wenye pasi za Kiingereza, tukaangukia Tooting, London, kwenye vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Majirani waliokwenda likizo walikwenda Southend, na waliojiweza walikwenda Uhispania. Baba, karani wa ghala, alisema Urusi ndiyo rahisi kuliko kote, na wenzake kazini wakamtania kwamba atarudi na kofia ya manyoya na siasa mpya. Mama hakucheka. Alikaanga visheti, akapika achari ya maembe, akavifunga vizuri ndani ya sanduku ambamo mimi nilitaka kutia ndoo yangu ya kuchezea. Nilipouliza vya nani vyote hivyo, alijibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Nani wa kuulamba, hakusema. Na tulipofika, hakugusa maji. Kila asubuhi alivaa gauni lake la Idi na mtandio wake, akakaa kwenye benchi mbele ya hoteli, huku baba akienda stesheni. Baba akirudi peke yake, mama chakula kilimshinda. Nilidhani ni mgonjwa. Nilidhani pia kwamba mimi ndiye niliyemuudhi, maana mtoto wa pekee hana wa kumsingizia.

Siku ya nne baba alirudi na mtu. Alikuwa kijana Mwafrika, mrefu, shati jeupe limeloa jasho, kiatu kimoja kimefunguka kamba. Mpaka leo naona kilichofuata. Mamangu, ambaye hata binamu zake baba wakibisha hodi alikuwa akikimbilia mtandio, aliinuka, akauvua ule mtandio kichwani mbele ya mwanamume huyu, akamfuta nao uso. Akamfuta na shingo. Nywele zake zilikuwa wazi, watu wanapita, na baba amesimama kando anamenya ganda la hindi kana kwamba hakuna jambo. Nilimtazama nikingoja akasirike. Hakukasirika. Nikaona wivu, wivu wa moto.

Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Kihindi, lakini siku ile mama alisema Kiswahili cha Mji wa Kale, kile ambacho London alikuwa amekiweka kando. Kijana alikula visheti viwili kimyakimya, kisha akauliza, macho chini, "Mama, mbona mlihama msiningoje? Barua yenu ilinifikia mmeshaondoka."

Mama aliinama akamfunga ile kamba ya kiatu. "Nalimwambia karani wa pasi nna watoto wawili. Akataka cheti cha wa pili. N'kamwambia huyu nalimnyonyesha. Akacheka. Hapana pahala pa kuandika maziwa, mwanangu."

Yule kijana alilaza kichwa mapajani pa mama, mtu mzima na ndevu zake, na mama akaanza kulia kwa sauti. Nilimvuta baba shati nikamuuliza huyu ni nani. Akanieleza, kwa upole, kwamba kabla yangu mama alizaa mtoto, akafa wa siku chache, na wiki hiyohiyo jirani yao alifariki katika uzazi. Kwa hiyo kulikuwa na mtoto asiye na mama, na mama asiye na mtoto. Mtoto huyo, Athumani, alinyonya mpaka akaacha mwenyewe, akalelewa, akasoma, akapata nafasi ya chuo Urusi, na huku nyuma ndipo sisi tukahama. "Ni nduguyo hasa," baba alisema. "Mmenyonya ziwa moja, hata kukuoa hawezi." Nikamuuliza kama ni ndugu yangu, kwa nini haji nasi Tooting. Baba alitazama bahari. Husemwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea, lakini wanaogonga mihuri hawajapata kuusikia msemo huo, na mimi sikuelewa kitu. Athumani alikaa nasi siku mbili, akarudi chuoni, na baadaye akarudi Mombasa.

Mwaka juzi mama alipolemewa na maradhi, Athumani alipata viza ya kuja London, mzee wa mvi sasa. Kwenye maombi yake aliandika "rafiki wa familia". Baba alikuwa amekwisha kufa. Siku ya maziko ya mama, mshughulikiaji aliuliza maharimu wa marehemu, wanaume wasioweza kumuoa, ni nani, wa kuingia kaburini kumpokea. Wanaume walitazamana. Athumani alivua viatu akashuka. Mwanangu, aliyezaliwa hapa, aliniuliza kwa Kiingereza yule mzee ni nani, nami nikashindwa kupata neno la Kiingereza linalotosha. Nilisimama mbali pamoja na wanawake, mimi ambaye kwa karatasi zote ndiye mtoto wa pekee wa marehemu, nikamwona Athumani akimshika mamangu kichwa na kumlaza taratibu. Lau ningekuwa peke yangu kweli, angelazwa na mikono ya wageni.