Kumbukumbu Zimezidi

Jumanne, tarehe 14 Mei 1996. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, na akina mama walioleta watoto kuchanjwa kwenye zahanati moja ya Mbagala walibanana barazani.

Gozbert, fundi aliyeiandika programu ya kutunza majina ya watoto hao, aliitwa haraka. Majina mia mbili na kumi yalikuwa hayapo.

"Nimeyafuta mie," alisema Avelina, karani wa mapokezi.

"Umeyafuta! Nani kakuroga, sista?" Kisha Gozbert akamgeukia Dokta Mwinshehe, mwenye zahanati. "Mashine ni nzima, dokta, haina hitilafu. Kosa ni la mtu."

"Basi mtu huyo akapumzike kwao."

Avelina hakulia. Alimwonyesha Gozbert maandishi sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta: KUMBUKUMBU: 655. "Si wewe, kaka, uliyesema ikipita mia sita nipunguze? Nikafuta watoto wa mwaka juzi. Namba haikushuka. Nikafuta na wa mwaka jana."

Gozbert alilisoma neno lake kama mtu anayesomewa shitaka. Namba ile ilikuwa kipimo: programu ilijipima yenyewe, inakula nafasi kiasi gani kwenye akili ya kompyuta. Ikizidi, karani afunge madirisha mengine, basi. Mafundi nafasi hiyo waliiita kumbukumbu. Lakini kwa karani yeyote, kumbukumbu ni taarifa zinazotunzwa kwenye majalada. Avelina aliambiwa apunguze kumbukumbu, akapunguza.

Dokta alikuwa akimtazama. Sentensi moja ingetosha kumwokoa Avelina. Lakini dokta alikwisha kumwahidi kumtafutia kazi kwa rafiki yake mwenye zahanati Manzese, naye hakutaka kuikosa.

"Nitayarudisha kutoka kwenye daftari la chanjo," ndilo alilosema. Avelina akachukua mwavuli wake akatoka. Gozbert hakuthubutu kuinua macho.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Avelina uani kwake, anafua.

"Neno lilikuwa langu, dada. Nisamehe."

"Nilikuona jana ulipolitambua," alisema Avelina, akikamua kanga. "Mie sikufukuzwa uani hapa. Kaseme kulekule."

Wakaenda pamoja. Gozbert alisimama mlangoni kwa dokta, akina mama wakisikia, akaeleza yote tangu mwanzo.

Dokta alimsikiliza hadi mwisho. "Na jana mdomo uliuacha wapi?"

Kisha akamwashiria Avelina arudi mezani pake. Gozbert alifungua daftari la chanjo, akaanza kumsomea Avelina majina, moja moja, kwa sauti ya chini.