Siku Tuliyojaribu Bunduki Mpya ya Upepo

Nilimpiga mama mkwe wangu risasi mwezi wa Ramadhani, alasiri, uani kwetu Njoro, mume wangu akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Nalitaja mwanzoni kwa sababu kila nikilisimulia kwa kuanzia mbali, wanaonisikiliza hushtuka katikati na kunitaka nianze upya.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, na nilikuwa sijamaliza mwaka wa tatu wa ndoa. Mume wangu alikuwa seremala. Mwaka mzima alitengeneza vitanda, milango na meza za shule, na kila Idd alifungua kibanda cha shabaha kwenye uwanja karibu na soko la Moshi. Alikuwa na bunduki ya upepo, ile ambayo unakunja mtutu ili ivute springi, unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, unarudisha mtutu na kufyatua. Aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Watu walilenga makopo ya maziwa yaliyopangwa juu ya ubao. Aliyeangusha matatu alipewa kipande cha sabuni au kitana.

Aliyeyasimamisha tena makopo alikuwa mama mkwe. Alikaa kwenye kigoda upande wa kulia wa makopo, nyuma ya ubao mwembamba wa sanduku la chai, na ufito mrefu mkononi, kazi yake ya ukili mapajani. Risasi zilipopotea ziligonga ule ubao zikaanguka chini. Nyingine zilimfikia begani, naye alikung'uta kanga yake kama anakung'uta makapi, akaendelea kusuka. Watoto walimpenda kwa hilo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyesema maneno mengi, na mimi nilimwogopa tangu siku ya kwanza niliyoingia nyumbani kwake.

Bunduki ile ilikuwa na kasoro moja. Ilivuta kushoto. Ukitaka kugonga kopo ilibidi ulenge vidole viwili kulia kwake. Wateja hawakujua, ila sisi wa nyumbani tulijua. Siku ambazo mume wangu hakuwa na kazi nyingi nilikuwa nachukua bunduki uani na kupiga maganda ya ndizi juu ya ua, na nilipiga vizuri kuliko yeye. Hakuchukia. Alicheka na kuniambia nisiwaambie majirani.

Idd ya mwaka uliotangulia, kijana mmoja wa reli alipiga mara sita bila kuangusha kitu. Akaiweka bunduki chini, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Fundi, hii bunduki yako inakohoa tu. Ipeleke hospitali." Watu walicheka wakaenda zao kwenye bembea. Mume wangu naye alicheka. Mimi niliona aibu, na tangu siku hiyo sikumwacha apumzike. Kwa Mhindi mmoja barabara ya stesheni ilikuwepo bunduki mpya dirishani, mtutu mweusi unaong'aa, kitako cha mti mwekundu. Mwenye duka alikuwa tayari kuipokea ya zamani na kuongezewa kidogo.

"Hii naijua," mume wangu aliniambia kila nilipolianzisha. "Ile siijui."

"Utaijua."

"Na kama haitufai?"

"Muombe tuijaribu."

Nilisema hivyo mimi. Wiki mbili kabla ya Idd akaenda kuomba, na mwenye duka, ambaye kabati la duka lake lilitengenezwa na mume wangu, akamwazima kwa siku mbili.

Alipofika nayo, mama mkwe alitoka jikoni akaishika, akaipima uzito, akairudisha. "Nzito," alisema. Kisha akaenda mwenyewe kuchukua kigoda chake na ubao wa sanduku la chai, akaviweka penye ua, kama vinavyowekwa uwanjani.

Mume wangu akamwambia, "Mama, leo si lazima ukae. Tunajaribu tu."

"Nataka nizoee mlio wake," alijibu. "Siku ya Idd nisije nikaruka mbele za watu."

Akakaa. Tulipanga makopo matatu. Mume wangu alikunja mtutu kwa nguvu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, akatia kirisasi, kisha akanipa mimi. "Wewe ndiye uliyeitaka," alisema. "Anza."

Niliiweka begani. Niliona kopo la katikati, nikasogeza mtutu vidole viwili kulia, kama nilivyozoea, nikafyatua.

Mlio ulikuwa mkavu na mfupi. Kopo halikutikisika. Kwenye ubao wa sanduku la chai, ambao kwa miaka yote ile ulikuwa na vidoa tu vya risasi, palikuwa na tundu, na mwanga wa jua ulipita ndani yake. Nakumbuka niliutazama ule mwanga nikashindwa kuelewa umetoka wapi. Kisha mama mkwe akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Kitu gani hiki?"

Alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko. Alipoondoa kiganja, damu ilikuwa imeanza kushuka kwenye kanga.

Sikupiga kelele. Nilisimama na bunduki mikononi, na mume wangu ndiye aliyeninyang'anya, akaitupa kwenye takataka za mbao, akamkimbilia mama yake. Niliuona mdomo wa mume wangu ukinisemesha lakini sikusikia neno. Mpaka aliponijia na kunitikisa ndipo nikasikia, "Lete kitambaa. Kitambaa, haraka," nami nikavua ushungi wangu nikampa.

Tulimpeleka hospitali kwa miguu, yeye katikati. Dresa, mfunga vidonda aliyekuwa zamu, alimkalisha, akatia koleo kwenye jeraha, na nilisikia kirisasi kikianguka kwenye bakuli la bati. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Alikitazama, akamtazama mume wangu, kisha mimi.

"Huyu mama amepigwa na nani?"

Mama mkwe akasema, "Ni ajali ya nyumbani, mwanangu. Funga mkono twende, futari haijapikwa." Dresa alimpa maji ya kumezea vidonge. Mama mkwe akavikunja vidonge kwenye pindo la kanga, akasema atavimeza jua likizama. Tulimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Alitutazama kama hatukusema kitu.

Jioni ile sikuweza kushika mwiko. Nilikaa jikoni na mikono yangu mapajani, jirani akatupikia uji. Kilichonitia baridi hakikuwa damu. Ilikuwa ni kule kujua kwamba bunduki haikukosea. Ilikwenda pale pale nilipoielekeza.

Siku ya pili alikuja wifi yangu kutoka Kahe, ambako alikuwa ameolewa. Habari ilikuwa imemfikia kwa watu wa gari la mizigo, na ilimfikia ikiwa imekua. Hakuitikia salamu yangu. Tulipomaliza kufuturu, watu wote wakiwa wamekaa kwenye mkeka, aliniuliza mbele ya mama yake, "Nieleze. Ulikuwa unalenga wapi?"

Ningeweza kusema nililenga kopo. Mume wangu alishafungua mdomo anisemee hivyo. Lakini nilikuwa nimelibeba siku nzima, na likatoka.

"Nililenga ubao. Pale alipokaa."

Wifi alimgeukia kaka yake, naye akaangalia chini. Niliona mashaka usoni mwake, mume wangu, aliyekuwepo na kuona kila kitu, na mashaka yale yaliniumiza kuliko swali.

Mama mkwe alikuwa anakula tende. Alimaliza, akatoa kokwa, akaiweka kwenye kisahani.

"Bunduki yetu inavuta kushoto," alimwambia binti yake. "Ukitaka kopo unalenga kwangu. Humu ndani wote tunajua. Kaka yako analenga kwangu miaka yote. Na jana nilimwona huyu anasogeza mtutu upande wangu, nikakaa. Nilijua anachofanya. Hatukujua ile nyingine inakwenda moja kwa moja."

Kisha akanigeukia mimi. "Niongezee uji."

Nilikwenda jikoni nikasimama gizani na bakuli lake. Alikuwa ameuona mtutu ukimjia. Alikuwa ameuona na hakusogea, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimeushika. Katika miaka ile ya ndoa sikuwahi kudhani kwamba mwanamke yule ananiamini hata kunipa kisu cha jikoni.

Asubuhi mume wangu aliirudisha bunduki dukani. Nilikwenda naye kwa sababu niliona ni wajibu wangu. Mwenye duka alipoambiwa, rangi ilimbadilika. Alichukua ubao wa sanduku la chai tuliokwenda nao kumwonyesha, akapitisha ncha ya kalamu kwenye tundu.

"Fundi, mimi niliona ni kitu cha kuchezea," alisema. "Nilikuwa nimeiweka dirishani karibu na mipira ya watoto."

Hakuirudisha tena dirishani. Alitaka kutupatia sukari tumpelekee mama, na mume wangu akaipokea ili asimvunje moyo. Habari ya kubadilisha haikutajwa tena na mtu yeyote nyumbani.

Idd ilipofika tulifungua kibanda na bunduki ya zamani. Mama mkwe alikuwa bado amefunga mkono, alikaa mbele pamoja na mwanawe, akigawa vitana. Aliyekaa kwenye kigoda nyuma ya ubao nilikuwa mimi. Mume wangu aliweka ubao wa mninga, mnene kama kiganja, na alikuwa ameniuliza mara mbili kama sitaki wasimamishe makopo bila mtu kukaa. Nilikataa.

Nilijua ile bunduki haiwezi kutoboa hata karatasi ya sukari. Lakini kila mlio ulinirusha kwenye kigoda, mpaka watu wakaanza kunicheka. Kijana wa reli alikuwepo tena. Mama mkwe alinitazama kwa mbali, katikati ya vichwa vya watu, akanipa ishara kwa mkono wake mzima, kiganja chini, kama mtu anayembembeleza mnyama atulie. Nikashika ufito, nikasimamisha makopo.