Mikebe Yangu ya Simenti Kwa Sale ya Fitness

Jumapili, wakati tulikuwa kwa misa, niliibiwa mikebe yangu ine ya simenti, ile ninafundishiaka vijana mazoezi. Tangu hapo sina kazi.

Leo asubuhi nimeiona!

Iko kwa sale, chumba cha mazoezi, ya kocha mumoja, hapa Bunia, mtaa wa Nyakasanza. Ameipaka rangi nyekundu, ameandika "kilo 20". Kwa ukuta: FITNESS.

Nikamuuliza mbele ya wateja: "Kocha, hiyo neno maana yake nini?"

"Ni Kingereza, muzee. Zamani ilikuwa tu kufaa, mutu mwenye anafaa kwa kazi yake. Mambo ya misuli ilikuja nyuma."

Mwizi, lakini amesoma.

"Na hii mikebe?"

"Nilinunua kule mji wa Aru. Kila moja kilo makumi mbili."

Sikubishana. Nikavuka barabara, nikaazima mizani ya mama muuza maharagi, nikapima mbele ya wote.

Kilo kumi na tatu. Sawasawa na vile nilimwaga simenti ndani mwenyewe.

Jamaa mumoja mwenye alikuwa anajipiga picha akavaa shati polepole. "Kocha, kumbe jana niliringia bibi yangu kilo kumi na tatu?" 😂



Wakati tulikimbia vita ya Djugu, nilibeba mama kwa mugongo, nikapumzika, nikabeba tena, mpaka Bunia. Kufaa, mimi naijua.

Kocha, najua unasoma hapa. Vyuma vyako vingine sijavipima bado, na mama wa maharagi amenipa mizani mpaka kesho.

Unarudisha mikebe yangu, ndiyo ao hapana? Jibu hapa chini, mbele ya saa kumi na moja ya jioni.