Marehemu Aliyeendelea Kulipa Kodi

Saa mbili asubuhi, Oleta Cawley anafungua chumba cha kumbukumbu chini ya mahakama ya kaunti, katika milima ya mashariki mwa Kentucky. Anavaa miwani, anafuta meza kwa kitambaa kikavu, anakaa. Leo hafungui kitabu chochote. Anaitazama karatasi moja tu.

"Nimeisoma mara kumi," anasema. "Huyu mtu amekufa! Sasa kwenye orodha ya kodi anatafuta nini?"

Oleta ana miaka 62. Kwa miaka 26 amekuwa akiwatafutia watu asili zao kwenye hati za ardhi, wosia na orodha za kodi. Analipwa dola 14 kwa saa, na goti limeharibika kwa kupanda ngazi za rafu. Wageni hutoka mbali wakitaka kujua wazee wao walitoka Virginia lini na walivuka milima kwa njia ipi.

"Kila mtu anataka babu shujaa," anacheka. "Hajatokea hata mmoja wa kunituma nimtafutie mwizi wa nguruwe."

Shujaa wa ukoo wake mwenyewe ni Micajah Cawley. Nyumbani husimuliwa kwamba alihama Carolina ya Kaskazini mwaka 1805 na mkewe Keziah na watoto sita, akazama mtoni walipokwisha kuvuka mlima, akazikwa kilimani. Kila Jumapili ya mwisho ya Mei ukoo mzima hupanda kule, hupalilia, huweka maua, kisha hula kuku na mkate wa mahindi palepale makaburini. Jiwe la Micajah lilisimikwa kwa utafiti wa Oleta, na ndiye husoma historia yake kila mwaka.

Jumatatu hii, akimtafutia mteja habari za jirani wa zamani wa Micajah, alifungua orodha ya kodi ya Carolina ya mwaka 1811. Akamkuta babu yake. Kijito kilekile, ekari 110 zilezile, majirani walewale, miaka sita baada ya kufa.

"Niliruka, kiti kikaanguka," anasema.

Anakiri kosa ni lake. Orodha ya Kentucky ya 1806 ilimwandika Keziah kuwa mjane, naye akaridhika. Nani ahangaike kumtafuta marehemu kule alikohama?

Alimpigia simu Wilma, karani mwenzake wa Carolina. Wilma akapekua makabati, kisha akarudi na sauti nyingine.

"Dada, umekaa?"

"We sema tu."

"Kuna hati ya dhamana ya ndoa hapa. Februari 1806, kaoa mke mwingine. Na kajiandikisha mgane! Anasema Keziah wake kafa."

Mke alimzika mume aliye hai, na mume naye akamzika mke aliye hai, kila mmoja upande wake wa mlima.

Binamu wawili wameshampigia wakimsihi anyamaze, angalau mpaka wazee waondoke duniani. Lakini Oleta alimwogopa zaidi Shangazi Arminta, mwenye miaka 91, mtunza kaburi la Micajah. Jana alikwenda kwake.

"Shangazi, Micajah hakuzama."

"Kwani alikufa na nini?"

"Hakufa. Alibaki Carolina, akaoa."

Bibi aliweka kikombe chini. "Mshenzi!" Akauliza, "Sasa mle ndani yuko nani? Miaka themanini nampalilia nani mimi?"

"Sijui. Labda hakuna mtu."

"Na siri zangu zote nimemwambia!"

Oleta alitaka kucheka, lakini bibi alikuwa analia.

"Na Keziah?" bibi akauliza. "Jiwe lake liko wapi?"

"Hana, Shangazi."

"Kavusha watoto sita peke yake, halafu hata kokoto hana? Na wewe msomi wetu ulikuwa wapi, mwanangu?"

Swali hilo limemchoma Oleta kuliko simu zote za binamu zake. Anapanga kutafuta alikolala Keziah na kuuomba ukoo ununue jiwe. Anajua wapo watakaosusa chakula Jumapili ile ya Mei. Hata hivyo historia mpya ameshaianza kwa penseli, na anaisoma polepole, akijizoeza:

"Keziah Cawley alivuka mlima na watoto sita. Mumewe hakufa. Alibaki."