Kidonge Kilichokatwa Vipande Vinne

Hata sasa nikifumba macho naiona asubuhi ile ya Nyansurura: ukungu umelala juu ya mihogo, ng'ombe wanapita kama hawana miguu, na baba yangu amekaa kando ya zizi na wazee watatu wa saro yake, waliotahiriwa pamoja. Katikati yao, juu ya kigoda, kuna kisu na kidonge kimoja.

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya hapo. Vidonge kama kile, vya kushusha mafuta kwenye damu, nilikuwa nampa baba mimi mwenyewe kila mwezi, tangu moyo ulipombana akiwafuata ng'ombe na daktari wa wilaya akatuonya kwamba mishipa inaziba. Lakini mafuta hayakushuka. Nilimlaumu mama na mchuzi wake, maskini. Kumbe!

Baba alikikata vipande vinne, akagawa.

"Shikamooni," nilisema kwa hasira. "Baba, unataka kufa?"

"Marahaba. Tangu lini mtu akala peke yake, saro yake inamtazama?"

"Hii siyo nyama, baba!"

"Basi wapime na hawa. Ukiwapima, nitameza kizima. Hutaki, niache."

Baba akisema, amesema. Nililia palepale mbele ya wazee, sikujali.

Nikaanza kusumbua watu. Hospitali ya wilaya ilikuwa inapima waliokwisha kuumwa tu. Nilipiga simu mpaka wakanichoka, wakakubali damu itoke zahanati kwa bodaboda, ndani ya kisanduku cha barafu. Siku za kusubiri zilipita polepole, kama naziota. Kila asubuhi nilipitia kwa baba kwanza, nimwone anapumua.

Majibu yalikuja. Wawili walikuwa salama. Wa tatu, yule mcheshi anayewashinda vijana kwa jembe, mafuta yake yalizidi ya baba mbali sana, na daktari alikuwa amemwandikia dawa, nikampelekea. Nilipomwambia alicheka. Kisha akajishika kifua.

Baba alifungua pakiti ya mwenzake, akamwekea kidonge kizima kiganjani, akatoa na chake. Wakameza pamoja.

Mimi nilisimama na daftari langu la wagonjwa mkononi, aibu imenijaa. Mwaka mzima nilikuwa nimeandika mgonjwa mmoja tu wa mafuta. Huyu wa pili alikuwa akitibiwa na baba, kwa kisu, robo kwa robo.